Kabla ya Kuomba Leseni ya Kuuguza Wanyamapori Marekani, Tafuta wa Kukufundisha

Kila mwaka theluji ikishayeyuka huku Minnesota na sungura wakaanza kuzaa kwenye nyasi za nyua za watu, simu yangu hujaa ujumbe wa Kiswahili. "Dada, nimeokota watoto wa sungura, niwape maziwa gani?" "Mwanangu amekuja na ndege asiyeweza kuruka, tumemweka kwenye boksi la viatu." Siku hizi, katikati ya maswali hayo, kuna lingine linalonifurahisha zaidi: "Na mimi natamani kuifanya kazi hiyo. Nianzie wapi?"

Nimejibu swali hilo mara nyingi kwa vipande vipande, leo nalijibu lote. Mshahara wangu unatoka kwenye nyumba ya wazee ninakofanya zamu za usiku. Kuuguza wanyamapori ni kazi ya kujitolea, na kwa wengi wenye leseni hii ndivyo ilivyo: jimbo linakupa ruhusa, halikupi pesa. Ukilijua hilo mapema utapanga mambo yako vizuri.

Tuanze na sheria. Marekani, mnyama wa porini hawi wako kwa sababu umemkuta uani kwako. Kindi, rakuni, mbweha, kobe wa bwawani, wote wako chini ya mamlaka ya jimbo, na kila jimbo lina taratibu zake. Hapa Minnesota kibali hutolewa na idara ya maliasili ya jimbo, ambayo kila mtu huiita DNR, na kina ngazi tatu: ya anayeanza, ya kawaida na ya wabobezi. Anayeanza haachwi peke yake, ana mtu wa ngazi ya juu anayemsimamia. New York wao wana mtihani wa maandishi unaotaka alama 80 kwa mia, na hata kijana wa miaka 16 anaruhusiwa kuufanya. Kwa hiyo usichukue maelezo ya binamu yako aliye Texas ukadhani ndiyo yatakayokutumikia Ohio. Soma ukurasa wa idara ya jimbo lako mwenyewe.

Ndege wana sheria yao ya ziada. Mwaka 1918 Bunge la Marekani lilipitisha Migratory Bird Treaty Act, sheria ya kulinda ndege wanaohama, na leo inawagusa zaidi ya spishi 1,000, wakiwemo wengi ambao kwa macho ya kawaida hawaendi popote, kama kunguru. Kumfuga ndege huyo, hata kuweka unyoya wake kabatini, kunahitaji kibali. Walio nje ya sheria hiyo ni wageni walioletwa kutoka Ulaya, kama shomoro wa mijini, kwezi wa Ulaya na njiwa wa mitaani. Basi anayetaka kuuguza ndege anahitaji vibali viwili, cha jimbo na cha serikali kuu. Hiki cha pili hutolewa na U.S. Fish and Wildlife Service, na kinataka uwe umetimiza miaka 18 na uwe na saa 100 za kazi ya mikono, ulizozipata kwa muda usiopungua mwaka mzima, kwa aina ya ndege unaotaka kuwauguza. Saa 20 kati ya hizo zinaweza kuwa za semina na masomo. Nyingine zote utazipata ukiwa umevaa glavu.

Watu husoma sharti hilo wakaona saa 100 tu, wakapiga hesabu kwamba mwezi mmoja wa likizo utatosha. Lakini uzito uko kwenye ule mwaka mzima, kwa sababu wagonjwa hubadilika na majira. Kuanzia Aprili ni vifaranga na watoto, kituo kinajaa mpaka korido. Kiangazi huja waliogongwa na magari na walionaswa kwenye nyuzi za kuvulia samaki. Vuli, ndege wakianza safari ya kusini, huokotwa chini ya majengo ya vioo, vichwa vimegonga dirisha. Baridi ikikaza huletwa waliogandiwa na maji ya ziwa na walioingiwa na sumu ya madini ya risasi: tai mwenye kichwa cheupe aliyekula utumbo wa kulungu uliobaki na vipande vya risasi ya mwindaji, au luni, yule ndege wa majini aliye nembo ya jimbo letu, aliyemeza timazi ya ndoano. Aliyefanya kazi Mei peke yake hajui tai mwenye sumu ya risasi anavyosimama, mabawa yamelegea, kichwa kinatikisika.

Ndiyo maana ushauri wangu mkubwa ni huu: achana na fomu kwanza, tafuta mtu au kituo cha kukufundisha. Fomu zote zitakuuliza umefunzwa na nani, daktari gani wa wanyama atakusaidia na vizimba vyako vina vipimo gani. Ukiwa umekaa na mkufunzi mzuri, majibu hayo utakuwa nayo kabla ya kuulizwa. Ukiwa huna, hakuna namna ya kuyatunga.

Tuliopo Minnesota tuna bahati. Kuna kituo kikubwa cha wanyamapori cha Roseville kilichoanza mwaka 1979, na chuo kikuu cha jimbo kina The Raptor Center, kilichoanza mwaka 1974 kwa ajili ya tai, vipanga na bundi. Sehemu nyingine za nchi, tovuti ya Animal Help Now hukuonyesha wauguzaji walio karibu na ulipo. Andika barua fupi, eleza una saa ngapi kwa wiki na siku zipi, na usiseme sana kuhusu unavyopenda wanyama, maana kila anayeandika anawapenda. Wanachotafuta ni mtu atakayefika saa aliyosema atafika, Juni yote, hata siku ya mvua.

Utaanza kwa kuosha. Vyombo, taulo, matandiko ya vizimba, sakafu. Utakata zabibu vipande vidogo na kuyeyusha panya waliogandishwa kwa ajili ya bundi. Wapo wanaokata tamaa hapo, wakiona wamedharauliwa, na huwa nasikitika kwa sababu ndipo mafunzo yanapoanzia. Anayesafisha kizimba kila siku ndiye wa kwanza kuona kinyesi kimebadilika rangi, chakula cha jana hakikuguswa, ndege wa kona ya kushoto amevimbisha manyoya mchana kweupe. Mama aliyenifundisha alikuwa akisimama nyuma yangu na kuniuliza, "Umeona nini?" kabla sijatupa kitu chochote kwenye pipa. Mpaka leo siwezi kufungua kizimba bila kujiuliza hivyo.

Na hapa niseme nanyi mnaofanya kazi za kutunza wazee na wagonjwa, maana najua tuko wengi. Mna mtaji mkubwa kuliko mnavyodhani. Kupima uzito kila asubuhi saa ileile, kuandika kila dawa na kila mililita, kukadiria kipimo kwa uzito wa mwili, kunawa kati ya mgonjwa na mgonjwa, kumgeuza mwenye maumivu bila kumtisha: vijana wa chuo hufundishwa hayo upya kituoni, nyinyi mnayo tayari. Lipo moja tu la kujirudi. Kwa wazee wetu tunaongea, tunawashika mkono, tunaimba. Mnyamapori hana faraja hiyo. Sauti yako kwake ni sauti ya mwindaji, mkono wako ni makucha. Sungura au kulungu anaweza kufa kwa hofu, misuli yake ikaharibika kwa sababu ya kushikwa na kupapatika tu, saa au siku baada ya wewe kudhani ametulia. Kwa hiyo giza, ukimya na mlango uliofungwa ni matibabu, na mara nyingi ni ya kwanza.

Sasa kuhusu maziwa, kwa sababu ndilo swali la kila mtu. Mtoto wa mnyama aliyekuja amepoa hapewi chochote kinywani. Kwanza apashwe joto, taratibu. Kisha apewe maji yenye chumvichumvi kwa kipimo. Chakula huja cha mwisho. Ukimlisha akiwa baridi, tumbo halifanyi kazi na unaweza kumuua kwa huruma yako. Ukimminia kwa haraka, maziwa yanaingia mapafuni. Na maziwa ya ng'ombe ni ya ndama. Wasomaji wa Kenya wanaijua habari ya Daphne Sheldrick, aliyehangaika miaka mingi kulea ndama wa tembo ambao tumbo lao lilikataa maziwa ya ng'ombe, mpaka akapata mchanganyiko wa maziwa ya watoto wa binadamu wenye mafuta ya nazi. Jambo lilelile liko hapa kwa mnyama mdogo wa kiganjani: maziwa ya kindi hayafanani na ya sungura, na ya sungura hayafanani na ya oposumu. Kuna unga maalumu kwa kila kundi, na kuna mpangilio wa siku kwa siku wa kuukoleza. Vifaranga wa ndege waimbaji ndio wanaochosha zaidi. Wasio na manyoya hulishwa kila baada ya dakika 20 au 30, tangu jua linapochomoza hadi linapozama. Ukiwa na kazi ya mchana na huna wa kupokezana naye, usiombe kibali cha vifaranga. Omba wanyama ambao ratiba yao unaiweza.

Kabla ya yote hayo lakini, jifunze kuwaacha wasiohitaji msaada. Sungura wa hapa hufanya kiota kwenye kishimo kidogo katikati ya nyasi, na mama huja kunyonyesha alfajiri na jioni tu, ili asiwaelekeze wanyama wala nyama. Mchana kutwa hayupo, na watu wema hudhani amekufa. Waambie wapange nyuzi mbili tatu juu ya kiota kwa kupishana, warudi kesho asubuhi. Nyuzi zikiwa zimevurugika na matumbo ya watoto yamejaa, mama yupo. Kifaranga mwenye manyoya kamili anayerukaruka chini naye yuko darasani, wazazi wake wako mtini wanamtazama. Asiye na manyoya arudishwe kiotani, mama hatamkataa kwa sababu ya harufu ya mkono wako. Ndama wa kulungu aliyelala peke yake kwenye majani amewekwa hapo na mama yake. Muuguzaji mzuri hutumia sehemu kubwa ya Mei akiwaeleza watu hivyo kwa simu, kwa upole, na kila simu ya namna hiyo ikifanikiwa ni familia ya wanyama iliyobaki pamoja.

Anayempata ndege aliyeumia kweli ana ruhusa ya sheria, bila kibali, kumchukua na kumpeleka moja kwa moja kwa mwenye leseni. Neno zito hapo ni "moja kwa moja". Halimaanishi wikiendi.

Kuna hatari ambazo sitazipunguzia makali, hasa kwa wenye watoto nyumbani. Kichaa cha mbwa Marekani kinaishi zaidi kwa popo, rakuni, skanki na mbweha. Anayewashughulikia hawa huchanjwa kabla, na siku hizi ni sindano 2, siku ya kwanza na ya 7 baadaye, kisha kinga yake hupimwa ikihitajika. Lakini fikiria upande wa mnyama pia. Kichaa cha mbwa hakithibitishwi kwa mnyama akiwa hai, ni ubongo unaopimwa. Rakuni mchanga akimkwaruza mtoto wako sebuleni, huenda akauawa ili apimwe, hata kama alikuwa mzima. Kumpa mtoto wako amshike ni kumweka mnyama huyo hatarini. Rakuni pia hubeba minyoo ambayo mayai yake hukaa kwenye udongo miaka, hayafi kwa dawa ya madoa, na yakiingia mwilini mwa binadamu yanaweza kufika kwenye ubongo. Vizimba vyao huunguzwa kwa maji yanayochemka au moto. Na tangu mwaka 2022 kuna homa ya ndege ya H5N1, hivyo bata bukini au tai mwenye dalili za kichwa kuzunguka hapokelewi pamoja na wengine. Kama unafuga kuku uani, mweleze mkufunzi wako siku ya kwanza.

Nifike kwenye sehemu inayowaondoa wengi. Kibali cha ndege cha serikali kuu kinakuamuru, kwa maandishi, umalize maisha ya ndege asiyeweza kujilisha, kusimama wala kutembea bila kujiumiza zaidi pale ambapo matibabu hayatabadilisha hali hiyo, na ya ndege aliyepofuka kabisa, na ya yule ambaye jeraha lake linahitaji kukatwa mguu, au bawa kuanzia kwenye kiwiko. Aliyebaki pia hawezi kukaa kwako milele: mwisho ni siku 180, labda upewe idhini ya kuongeza. Hakuna kumbakiza kwa sababu mmezoeana.

Mara nyingi naulizwa na wenzangu wa kanisani kama hiyo si dhambi. Jibu langu ni kwamba nimemwona mwewe mwenye bawa lililovunjika kiungoni, amekaa siku tano kwenye banda la mtu aliyempenda, akipewa nyama ya kusaga na mkate. Mfupa ulikuwa umeoza. Aliteseka siku zote hizo kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kufanya uamuzi. Leseni hii ni ahadi kwamba wewe utakuwa tayari, kwamba mnyama akifika mikononi mwako mateso yake yana mwisho, ama kwa kupona ama kwa dawa ya daktari. Wengi wanaoletwa hawaponi. Kama moyo wako haujafika hapo, kaa kwanza kwenye kufua taulo na kuendesha gari la kusafirisha wagonjwa. Kituo kinawahitaji hao kila siku, na hakuna atakayekuona mdogo.

Na anayepona lazima atoke akiwa na hofu yake yote. Kifaranga wa bundi anayelelewa akiutazama uso wa binadamu hukua akijiona wa kabila letu, na porini hatapata mwenza wala hatatukimbia. Ndiyo maana tunalisha tumejifunika, tunawalea wa aina moja pamoja, hatuwapi majina, hatupigi nao picha za kuwarushia jamaa nyumbani. Ndege aliye matibabuni haruhusiwi kuonyeshwa kwa watu, ni sharti la kibali. Kipanga haachiwi mpaka amepaa kwenye kizimba kirefu, au kwa kamba ndefu uwanjani, pumzi yake ikapimwa. Mchanga aliyelelewa kituoni huhakikishwa kwanza kwamba anajua kuua panya mwenyewe. Bata anayelowa maji hayuko tayari, hata akiwa mnene.

Mambo ya nyumba na pesa nitayapita haraka. Vizimba vina vipimo vya chini vilivyopangwa na mashirika mawili, National Wildlife Rehabilitators Association na International Wildlife Rehabilitation Council, na mkaguzi anaweza kuja na futi mkononi. Jiji lako nalo linaweza kuwa na sheria ya kukataza. Ukiishi kwenye apatimenti, jibu ni rahisi: fanya kazi chini ya kibali cha kituo, ndani ya kituo. Wapo wauguzaji bora kabisa ambao hawajawahi kumleta mnyama nyumbani. Shirika hilo la pili pia hutoa kozi na cheti cha CWR, yaani Certified Wildlife Rehabilitator, muuguzaji wanyamapori aliyethibitishwa. Kozi ni nzuri sana na nakusihi uifanye, lakini cheti hicho si kibali cha kisheria. Na tafuta daktari wa wanyama kabla hujamhitaji. Wengi hutibu mbwa na paka tu, na atakayekubali wanyamapori bila malipo utampata kwa kutambulishwa na mkufunzi wako.

Walio nyumbani huniuliza kama haya yanawahusu. Kenya, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kumfuga mnyama wa porini bila kibali, na wa kumpigia simu ni KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Tanzania, nje ya hifadhi za taifa ni TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Uuguzaji wenyewe hufanywa zaidi na taasisi, na zipo za kujifunza kwazo: pale Watamu, Local Ocean Conservation wana hospitali ya kasa, na wavuvi ndio wanaowapigia simu kasa akinasa wavuni. Kijana wa Kilifi au Malindi mwenye hamu hii hana haja ya kungoja viza.

Aliye Marekani na anataka kuanza mwaka huu asisubiri vifaranga waanze kuanguka. Vituo hupanga zamu za kiangazi mapema, wakati bado kuna barafu, na ifikapo Mei hakuna mwenye nafasi ya kumfundisha mgeni. Andika Januari. Usipojibiwa, piga simu Februari, mchana, baada ya saa za kulisha za asubuhi, na useme uko tayari kuanzia kwenye kufua.